Nafasi Imeachiwa Nani?

Asanteni sana. Kaeni, jamani. Nyinyi wa mlangoni ingieni, viti viko hapa mbele, na msiogope hizi sabufa. Bado hazijawashwa.

Nimeitwa nieleze dubstep, muziki wa besi uliozaliwa London, ni nini. Swali hili nimeulizwa harusini, nimeulizwa matangani, nimeulizwa kwenye foleni ya benki, na kila mara kabla sijafungua mdomo kuna mtu hunitangulia: "Si ni ile ya wau-wau-wau?" Naomba leo tuimalize hiyo wau-wau-wau. Ni pambo. Unachukua besi ya sinthesaiza, unaipitisha kwenye kichujio, kisha unakiamuru kichujio kifunguke na kujifunga kwa mwendo unaokubaliana na biti. Basi. Mtu akivaa shanga za Kimasai hawi Mmasai, na wimbo ukivaa wau-wau-wau hauwi dubstep. Ziko dubstep za mwanzo, tena zilizoheshimiwa, ambazo hazina hata wau moja.

Wengine hunijibu kwa namba. "Mwalimu, ni mapigo 140 kwa dakika." Kweli, iko hapo hapo, kati ya 138 na 142. Lakini grime, muziki wa kughani wa London, nayo ni 140. Trap nyingi, zile za rap ya Marekani mnazosikiliza, ni 140. Ukiupima muziki kwa saa peke yake ni kama kuwapima watu kwa futi, halafu useme wote wenye futi sita wamezaliwa tumbo moja.

Sasa tupige makofi. Mimi nahesabu hadi nne, nyinyi mnapiga kofi moja tu, kwenye tatu. Moja, mbili, TATU, nne. Moja, mbili, TATU, nne. Kijana wa koti jekundu, wewe umepiga mbili na nne, umeturudisha kwenye garage, muziki wa London uliotangulia dubstep. Njoo huku kwetu. TATU. Sawa. Endeleeni, lakini msikilize kilichoko katikati ya kofi na kofi. Kwa mwendo wa 140, kutoka kofi moja hadi jingine ni karibu sekunde moja na robo tatu. Katika muziki wa kuchezwa, hiyo ni siku nzima! Matoazi yanakimbia 140 huku kichwa chako kinaitikia 70, na kati ya hayo mawili kuna uwanja mtupu. Huo uwanja ndio nimekuja kuusemea. Acheni makofi, asanteni.

Jina lenyewe lina "dub" ndani yake, na dub ni Kingston, Jamaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, King Tubby, ambaye alikuwa fundi wa umeme kabla ya kitu kingine chochote, aliketi na nyimbo za rege zilizokwisha kurekodiwa akaanza kuondoa. Aliondoa mwimbaji. Aliondoa gita, akalirudisha kidogo na mwangwi, akaliondoa tena, mpaka wamebaki ngoma na besi peke yao. Muziki ukatengenezwa kwa kutoa. Na Wajamaika waliohamia Uingereza, tangu ile meli ya Empire Windrush ya mwaka 1948, walikwenda na mapenzi yao ya maspika makubwa ya kujiundia wenyewe. Watoto wa kusini mwa London, weusi kwa weupe, wakakulia katika hewa hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Croydon, kusini mwa London, kwenye mtaa wa Surrey ambao ni soko la mboga na matunda, kulikuwa na duka la santuri liitwalo Big Apple. Mcheza santuri Hatcha alikuwa nyuma ya kaunta. Skream na Benga walikuja pale wakiwa na miaka 15 hivi, wamebeba biti walizotengeneza nyumbani. Mala, Coki na Loefah, watengeneza biti wenzao, nao hawakuwa mbali. Wazee walioko hapa wanalijua jambo hili bila kufika Croydon, kwa sababu waliiona River Road ya hapa Nairobi: duka ni duka, lakini mlangoni kuna wapiga gita wanasikilizana, wanaibiana, wanagombana, na jioni kuna mtindo mpya. Na kabla sijasahau, huyu Benga wa Croydon hahusiani na benga yetu. Jina lake ni Adegbenga, la Kiyoruba. Msije mkaandika huko kwamba D. O. Misiani, gwiji wetu wa benga, aliasisi dubstep.

Wale vijana walikuwa na mahali pa kupelekea kazi yao. Usiku wa Forward, disko la kuchezea nyimbo hizi, ulihamia Plastic People, ukumbi mdogo wa Shoreditch, wenye giza na spika zisizo na huruma. Mwaka 2005 Mala na wenzake wakaanzisha usiku wao, DMZ, huko Brixton, kusini mwa London, ndani ya jengo la kanisa, na tangazo lao liliwaita watu waje wautafakari uzito wa besi. Walipotimiza mwaka mmoja, foleni ilikuwa ndefu hivi kwamba walilazimika kuwahamisha watu ukumbi mkubwa wa juu. Wimbo ulichongwa kwenye sahani laini ambayo huchakaa ikichezwa mara kadhaa, ukapelekwa pale usiku huo huo kujaribiwa. Ukikosa uzito, prodyuza anarudi nyumbani kuondoa vitu.

Sasa shikeni hapa. Wakati ule ule, jiji lile lile, redio ile ile ya wizi, isiyo na leseni wakati huo, Rinse FM, kulikuwa na grime. Mama yao ni mmoja, garage. Mwendo wao ni mmoja. Vyombo vyao ni vile vile, kompyuta na programu za bei rahisi. Mbona basi ni mitindo miwili? Kwa sababu grime iliacha nafasi akaachiwa MC, yaani mghani. Biti ya grime bila mtu wa kuighani ni meza iliyoandaliwa bila mgeni. Dubstep iliacha nafasi ikaachiwa besi. Ukimweka MC azungumze mfululizo juu yake, amekalia kiti cha mwenyewe. Ndiyo maana nasema, na nitasema hadi mnichoke: usiniambie muziki una sauti gani, niambie umeacha nafasi wapi, na nafasi hiyo imeachiwa nani.

Nitawasimulia kitu ambacho wengine wenu mmeshakisikia. Vumilieni.

Miaka hiyo nilikuwa nakodisha vyombo na kucheza santuri kwenye sherehe. Siku moja, Buruburu, mwandaaji mmoja aliniambia vijana wake wanataka dubstep. Nikafurahi, nikabeba nilizo nazo. Sabufa zilikuwa zije na mtu mwingine. Hazikuja. Simu ikazimwa, mnajua mambo yale. Nikabaki na spika mbili ndogo juu ya vistendi, zile za kutangazia mkutano wa chama. Nikasema acha nijaribu. Nikaweka wimbo mmoja, mzuri hadi leo. Watu walisikia nini? Tiki, tiki, pa. Tiki, tiki, pa. Basi. Vijana wakatazamana. Mwandaaji akanijia mbio: "Kaka, hii CD imekwaruzika, nusu ya wimbo haiko."

Nusu ya wimbo haiko. Nilikasirika usiku ule, lakini ukweli ni kwamba alinipa maelezo bora ya dubstep niliyowahi kusikia. Nusu ya wimbo ilikuwa imeachiwa mwenyewe, na mwenyewe hakufika.

Nikafungasha, nikapanda matatu ya 58 kurudi mjini. Konda alikuwa kijana ninayemfahamu, na gari lile, nyinyi mnayajua ya njia zile, lilikuwa na sabufa chini ya kiti cha nyuma, kubwa kama sanduku la bati la shule. Nikampa ile CD. Nikamwambia, weka namba tatu, usiguse sauti. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, ana trei mbili za mayai mapajani, zimefungwa kwa kamba ya mkonge. Wimbo ukaanza. Tiki, tiki. Mama anatazama dirishani. Pa. Kisha besi ikaingia. Haikuingia kwa kelele, konda alikuwa bado anaongea na abiria kwa sauti ya kawaida na wanasikilizana. Lakini niliona vidole vya yule mama vikitoka kwenye kamba, vikafunguka polepole, viganja viwili vikalala juu ya mayai kama anayetuliza mtoto. Mayai yalikuwa yanatetemeka. Unasikia ule mlio mdogo, ganda kwa ganda. Akainama kidogo, akatazama sakafuni, akamwuliza konda: "Kijana, hiyo ngoma iko chini ya kiti changu?"

Konda akasema, "Mama, hiyo ni besi tu."

"Nauliza iko wapi."

Swali la yule mama ndilo swali. Hakuuliza ni wimbo gani wala ni nani anaimba. Aliuliza uko wapi, kwa sababu sauti ya chini namna ile haina upande. Wimbi la mapigo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita saba, yaani linakaribia urefu wa matatu yenyewe. Huwezi kuligeuzia sikio. Uko ndani yake, kama ulivyo ndani ya maji. Na simu yako, hata uliyoinunua kwa mshahara wa miezi mitatu, ina spika isiyotosha kijiko cha chai, haiwezi kulitoa wimbi hilo. Mkisikiliza dubstep kwa simu mnasikiliza tiki, tiki, pa. Msije mkaniambia hamkuipenda. Hamkuisikia.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema, muziki ni muziki, majina ya nini? Mtu huyo nimemjibu mara nyingi na nitamjibu tena. Nenda kwa mama mboga kesho umwambie akupe majani, majani ni majani. Atakuuliza: sukuma? managu? terere? kunde? Hana haja ya kujionyesha, anataka kujua unapika nini. Jina ni maelekezo ya upishi. Mpishi wa managu anajua auchemshe uchungu wake namna gani. Mcheza santuri anayejua jina anajua alete sabufa, apunguze taa, awanyamazishe watu wa kipaza sauti. Asiyejua jina ataniambia CD imekwaruzika.

Tena majina yanatuhusu sisi hapa kuliko mnavyodhani. Jiji hili la Nairobi limemtoa KMRU, anayerekodi mvua, mitaa na vyumba, kisha anainyoosha milio ile hadi inakuwa mawingu. Limemtoa Slikback, ambaye ukimweka kwa spika nzuri ukuta unalalamika. Mmoja nafasi yote amemwachia msikilizaji aliyetulia, mwingine amemwachia mwili. Halafu unakuta wote wawili wametiwa kabati moja, "elektroniki ya Afrika", kana kwamba bara ni mtindo wa ngoma! Hili linaniuma. Tusipoyataja mambo yetu kwa majina yake, watayataja wasioyasikia.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi kuhusu singeli, muziki wa kasi wa Tanzania, nitapita haraka. Dar es Salaam, mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wamechukua kinanda cha taarabu wakakikimbiza hadi kikaota mbawa. Mnasema haina nafasi? Inayo, nyembamba kama uzi, na MC na mchezaji wanapita humo humo. Chakacha ya pwani, nafasi ni ya kiuno, mwulize mama yeyote wa Mombasa. Benga yetu, mwimbaji akinyamaza gita linaingia kumiliki, na hapo ndipo watu husimama. Haya kila moja lilistahili jioni yake. Detroit na techno yake nimeiacha kabisa.

Neno moja kuhusu Marekani, kwa sababu mtaniuliza. Mwaka 2010 Skrillex, prodyuza wa huko, alitoa kazi zilizoichukua dubstep duniani kote, na mwaka 2012 akabeba tuzo tatu za Grammy. Ni fundi hodari, sina ugomvi naye. Lakini sikilizeni besi imehamia wapi: imepanda juu, katikati, mahali ambapo hata spika ya kompyuta ya mapajani inaweza kuitoa, na imejaza kila upenyo. Kila pengo lina mngurumo. Kwa kipimo changu, mwenye nafasi amebadilika, kwa hiyo ni mtindo mwingine, na unastahili jina lake mwenyewe. Croydon wala haikuharibiwa na lolote. Kilichotokea ni kwamba watu milioni walipewa bangili wakaambiwa huyo ndiye bibi harusi.

Maswali tutayachukua baadaye, naomba. Kijana wa koti jekundu, hebu nisaidie kuzima taa. Zote, na ile ya mlangoni pia. Simu mifukoni. Nimeleta wimbo ule ule wa Buruburu, na safari hii sabufa zimefika, nimezibeba mwenyewe kwa mkokoteni kutoka barabarani. Mtasikia tiki, tiki, pa kwa muda mrefu kidogo, msikohoe, msicheke. Wekeni viganja kwenye mgongo wa kiti kilicho mbele yenu, hivi, bila kukishika kwa nguvu.

Tayari? Fundi, washa.