Barua ya Juma Iko kwa Kondakta

Habari za mchana, wanangu. Nimeombwa nizungumze nanyi wa mwaka wa kwanza kuhusu namna ya kujibu mtihani wa sheria. Naanza na tukio, maana mtihani wenyewe utawajia hivyo hivyo.

Asha ana ufuta Lindi. Anamwandikia Juma wa Kariakoo barua: nakuuzia magunia 100, bei ni hii. Barua inamfikia Juma Jumatano asubuhi. Mchana anaandika barua ya kukubali, anaipeleka stendi, anamkabidhi kondakta wa basi la Lindi litakaloondoka kesho yake alfajiri. Jioni ile ile Asha anapata mnunuzi mwenye bei nono, anampigia Juma simu: "Nimeghairi, siuzi tena." Swali: mshauri Juma.

Nimesahihisha majibu ya maswali ya namna hii kwa miaka mingi. Ukurasa wa kwanza mwanafunzi anaeleza maana ya mkataba. Ukurasa wa pili anashuka na kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, kinachotaja masharti ya mkataba halali, sharti moja baada ya jingine, mpaka umri wa miaka 18 na akili timamu. Lakini nani kasema Asha ni mtoto? Nani kasema Juma ana maradhi ya akili? Desa zima, yaani maelezo aliyokariri, limemiminwa, na muda umekwisha basi likiwa bado stendi. Karatasi kama hiyo huniuma, kwa sababu naona kabisa kwamba aliyeiandika amekesha. Alijua sheria. Hakumshauri Juma.

Suala hapa ni moja, na linaenea katika sentensi moja: Asha alipopiga simu, je, kukubali kwa Juma kulikuwa kumeshakamilika dhidi ya Asha, yaani hawezi tena kughairi? Liandike juu kabisa. Simu yenyewe ilimpata Juma, hilo halina ubishi; liguse kwa nusu mstari uendelee.

Sheria nayo ni fupi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinamruhusu Asha kutengua pendekezo lake la kuuza wakati wowote kabla kukubali hakujakamilika dhidi yake. Kukamilika lini? Kifungu cha 4 kinajibu: dhidi ya Asha, pale barua inapowekwa njiani kumwendea na Juma akawa hana tena uwezo wa kuizuia. Dhidi ya Juma mwenyewe, pale Asha anapopata habari.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika kesi ya Adams v Lindsell ya 1818, wanasema barua ikishapostiwa wote wawili wamefungwa, wanafunga hoja. Hiyo ni kanuni ya Uingereza. Sheria yetu imefuata njia ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, inayowatenganisha: Asha anaweza kuwa amefungwa huku Juma bado ana nafasi ya kurudi nyuma. Na msisahau tarehe 22 Julai 1920. Sheria ya Uingereza tuliyoipokea ni ya kufikia siku hiyo, na hata hiyo inakaa pembeni pale Bunge letu lilipotunga sheria yake. Anza na kifungu, kesi ya Kiingereza ije baadaye kusaidia kukieleza.

Sasa alama zilipo. Ziko kwa kondakta.

Wewe ni wakili wa Asha. Unasema: basi halijaondoka. Juma anaweza kwenda stendi usiku huo huo, au kumpigia kondakta, akasema nirudishie barua yangu. Kama anaweza kuichukua, basi haijamtoka. Unadhani maneno "kesho yake alfajiri" yaliwekwa kupamba hadithi? Mtunzi aliyaweka ili uyatumie.

Geuka, uwe wakili wa Juma. Kifungu cha 7 kinataka kukubali kufanyike kwa njia ya kawaida na inayofaa, isipokuwa kama pendekezo limetaja njia yake. Asha hakutaja. Na nani kati yetu hajawahi kutuma mzigo mkoani kwa basi? Juma aliikabidhi kwa mtu mwingine ili ampelekee Asha. Kwake kazi ilikwisha. Kisha uliza ambacho tukio halikusema: alikata risiti? Barua ilifungiwa ofisini kwa kampuni ya basi, au iko mfukoni mwa kondakta anayemfahamu? Sema kila jibu lingebadilisha nini.

Mimi ningemwambia Juma kwamba hoja yake ni dhaifu, kwa kuwa kondakta si posta, na mzigo ambao haujasafiri hurudishiwa mwenyewe akiuomba. Mwenzangu anaweza kukataa, na akajaliwa alama zile zile kwa sababu ametoa hoja. Asiyepata kitu ni yule anayeandika "inategemea" akaweka nukta.

Kuhusu muda nitasema kidogo tu. Maswali manne kwa saa 3 ni dakika 45 kila moja, na dakika kumi za kwanza ni za kusoma tukio. Swali likikulemea, liache. Alama za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko za mwisho za swali la zamani.

Nimeulizwa hapa mbele: "Mwalimu, nikisahau namba ya kifungu?" Andika kanuni kwa maneno yako, uende kwenye tukio. Utapoteza kidogo. Ukikariri namba zote bila kumgusa kondakta, utapoteza kingi, na hizo ndizo sapu, yaani mitihani ya marudio, ninazozijutia zaidi.

Jambo jingine lipo moyoni mwangu. Mnafanya mtihani kwa Kiingereza, lakini kubishana mnakujua kwa lugha iliyowalea. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Basi mkijisomea, bishaneni kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja isimame, ndipo muiandike kwa Kiingereza.

Tujaribu sasa hivi. Nabadilisha jambo moja: basi limeshaondoka, liko Kibiti, ndipo simu ya Asha inaita. Kaeni wawili wawili, wa kushoto amtetee Asha, wa kulia amtetee Juma. Nawapa dakika kumi.