Ovaroli ya Mwanaume Ukiipunguza

Mafundi cherehani, maafisa nyuki na akina mama wa vikundi, habari za mchana. Faida za asali sitazitaja, hotuba hizo mmeshiba. Nimekuja na jambo lile lile ninalolisema kila nikishikishwa kipaza sauti, kuhusu nguo ya kumkinga mwanamke mfuga nyuki: ovaroli ya mwanaume ukiipunguza, unapata ovaroli ya mwanaume mfupi.

Mzinga wa gome ulikaa juu ya mti na aliyepanda alikuwa mwanaume. Tangu miaka ya 1970 ikaja mizinga ya mbao, ile ya Kenya, inayoning'inizwa kwa waya usawa wa kiuno. Kazi ikamfikia mwanamke, nguo ikabaki ya yule wa mtini.

Chukueni tepu. Mwanamke, mara nyingi, nyonga zinamzidi kifua kwa sentimita kadhaa. Unampa ovaroli inayomkaa mabegani, akisimama, amependeza. Akiinama kuinua kiunzi chenye sega, drili, kile kitambaa kizito cha ovaroli, inakaza makalioni na mapajani, na hapo ndipo anapochomwa. Inayokinga ni ile nafasi iliyo kati ya kitambaa na ngozi. Mwiba wa nyuki una kama milimita 2; drili ikigandana na paja, unapita. Ukishapita unaacha harufu ya hatari, inanukia ndizi mbivu, na wenzake wanakuja kuchoma pale pale.

Basi wanampa saizi kubwa zaidi. Nyonga zimeenea, lakini msamba umeshuka hadi karibu na magoti, hawezi kutanua hatua, na mikono imemeza vidole. "Si akunje!" Nakusikia, kaka. Akikunja, lastiki inapanda juu ya kifundo cha mkono na kuacha mwanya. Wengi wetu tunarina jioni, na nyuki wa gizani haruki, anatambaa. Anapanda na nguo mpaka apate pa kuingilia.

Fundi, andika. Mama avae kwanza nguo za ndani atakazofanyia kazi, kisha achutame. Nyonga pima hapo hapo alipochutama, ongeza sentimita 20. Kifua ongeza 15 hadi 20. Urefu wa kiwiliwili: tepu ianzie mfupa wa nyuma ya shingo, ipite msambani, ipande mbele hadi kwenye shimo la koo, akiwa ameinama; ongeza 8. Usitafute nafasi kwa kufumua mishono ya ubavuni peke yake. Weka kipande cha msamba chenye umbo la almasi, sentimita 15 kila upande. Ukimaliza, achutame tena na kunyoosha mikono juu. Jaribu kufinya kitambaa pajani. Hakifinyiki? Fumua.

Na haja ndogo je? Cheka, lakini nijibu. Mwenye ovaroli ya kipande kimoja lazima avue kofia, afungue zipu, aushushe mwili mzima wa nguo, porini, na nyuki wa mzinga uliofunguliwa bado wanamfuata. Kwa hiyo hanywi maji tangu mchana, na ndani ya drili, pembeni ya bomba la moshi la kufukizia nyuki, jasho linamtiririka. Dawa ni koti na suruali. Koti lishuke sentimita 20 chini ya kiuno, pindo liwe na lastiki ya sentimita 4, suruali ipande hadi chini ya matiti na ishikwe na mikanda ya mabegani. Anayeng'ang'ania kipande kimoja aweke zipu ya nyuma, kutoka nyonga moja kupita chini ya makalio hadi nyonga ya pili, na ulimi wa kitambaa kwa ndani. Zipu ni gharama, najua. Ovaroli inayokaa stoo ni gharama kubwa zaidi.

Kofia, haraka haraka. Yenye kina kidogo inaelea juu ya misuko au hijabu, ikiteleza wavu unagusa pua. Mpime na nywele zake zilivyo. Wavu ukae sentimita 8 mbali na uso, matundu yasizidi milimita 3, mbele uwe mweusi maana mweupe unatia kiwi. Hijabu ya ndani iwe ya rangi nyepesi. Na kanga nyekundu kiunoni iacheni nyumbani: nyekundu kwa nyuki ni kama nyeusi, na nyeusi inamchokoza.

Naonyeshwa saa. Glavu: zikiwa kubwa, kiunzi kinaponyoka, sega linakatika, na mzinga wote unakasirika, nunueni kwa kipimo cha kiganja. Gambuti za saizi 37 na 38 zipo, mwagizaji adaiwe. Suruali ije nje ya gambuti na ifungwe kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nguo ifuliwe kila baada ya kurina, harufu ya hatari isibaki. Zipu ikikwama kwa gundi ya nyuki, paka nta. Maswali, na waanze akina mama.