Bruda Lawrence na Sala ya Jikoni

MTANGAZAJI WA KWANZA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia kumkumbuka Mungu katika saa ileile tuliyomo, na tumemchagua Bruda Lawrence, mtawa wa shirika la Kikatoliki la Wakarmeli huko Paris, aliyefariki mwaka 1691, ambaye hakuwa padre wala msomi, bali askari wa zamani mwenye ulemavu wa mguu, aliyepangiwa kazi ya jikoni.

MTANGAZAJI WA PILI: Na jikoni penyewe hakupapenda, kaka. Hilo linanifariji sana, kwa sababu wanaotufundisha tafakuri mara nyingi huanza kwa kututaka tutafute mahali patulivu, kana kwamba nyumba zetu zina mahali pa namna hiyo.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Wala hakuifurahia safari aliyotumwa Burgundy, jimbo la Ufaransa, kununua divai ya watawa, maana hakuwa na kipaji cha biashara, na kwa ulemavu wake alilazimika kujiviringisha juu ya mapipa ili asogee ndani ya mashua. Alimwambia Mungu kwamba shughuli ile ilikuwa yake Yeye, kisha akaifanya.

MTANGAZAJI WA PILI: Kusema hivyo asubuhi ni rahisi, lakini ikifika saa nne, wateja wamepanga foleni na simu inaita, mtu huwa amekwisha kusahau.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Naye alisahau, dada. Katika mazungumzo yake na Joseph de Beaufort, padre aliyeyaandika, yaliyoanza Agosti 1666, alieleza kwamba kila alipokosa alikiri mbele za Mungu kuwa, akiachwa peke yake, hawezi kutenda vema kuliko hapo. Baada ya kukiri hivyo aliendelea na kazi bila kujisumbua tena. Mimi naona mafundisho yake yote yamo katika kumrudia Mungu namna hiyo.

MTANGAZAJI WA PILI: Wengi wetu hurudi kwa kujikaripia, na karipio hilo hutuchukulia muda mrefu kuliko lile wazo lililotupoteza. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba amani hiyo ilimjia upesi, kwani mwenyewe aliandika kuwa miaka kumi ya kwanza aliteseka sana moyoni.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Na hakuziacha sala za jumuiya, ingawa kwake saa ya kazi haikutofautiana na saa ya sala.

MTANGAZAJI WA PILI: Basi Mkatoliki aliyezoea kusali Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni hana sababu ya kuiacha; aongeze tu neno moja au mawili ya kwake kabla ya kufungua duka au kuinjika sufuria.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Yawe machache kweli, maana Bruda Lawrence alimshauri mmoja wa waliomwandikia apunguze maneno katika sala, kwa kuwa maneno mengi ndiyo mara nyingi huitawanya akili.