Kudhibiti Flashi za Wanafunzi kwenye Kompyuta za Shule

Karibu, mwalimu mwenzangu. Leo tunafunga flashi kwenye kompyuta za maabara. Tunataka mwanafunzi akichomeka flashi isifunguke, wewe uendelee kutumia yako kama kawaida, na mausi na kibodi visiguswe. Kompyuta niliyonayo hapa ina Windows 10 Pro; kwenye Windows 11 Pro hatua ni karibu zile zile. Kama yako ni toleo la Windows Home, usiondoke, nitakufikia.

Kwanza tazama flashi hii. Imetoka steshenari, mwanafunzi alikwenda kuprinti. Nikiifungua, badala ya folda zake naona shotikati moja tu, yaani ikoni ya njia ya mkato. Folda hazijafutwa, zimefichwa. Mwanafunzi akibofya shotikati hiyo folda zinafunguka, anajua mambo yako sawa, kumbe kirusi kimeshajinakili kwenye kompyuta na flashi ya kila atakayefuata itaondoka nacho. Kufikia kipindi cha mwisho maabara nzima inaumwa.

Utasikia mafundi wakishauri ujaze gundi kwenye matundu ya USB. Usikubali. Siku mausi ikifa, mpya utaichomeka wapi?

Tuanze na akaunti. Kila kompyuta iwe na akaunti yako ya administrata yenye neno la siri, na akaunti ya mwanafunzi ambayo ni ya kawaida. Fungua "Settings", kisha "Accounts", nenda kwenye orodha ya watumiaji wengine, bofya akaunti ya mwanafunzi, halafu "Change account type", chagua "Standard User". Ukiruka hapa, yote yanayofuata ni kazi bure, maana mwenye uwezo wa administrata atafungua kila unachofunga. Na vijana wa kidato cha tatu wanajua kutafuta mbinu YouTube kuliko sisi.

Sasa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukiwa kwenye akaunti yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmc, kisha Enter, na ukubali swali litakalokuja. Dirisha tupu limefunguka. Bofya "File", halafu "Add/Remove Snap-in". Kwenye orodha ya kushoto tafuta "Group Policy Object Editor", bofya "Add". Hapa subiri! Wengi wanabofya "Finish" haraka haraka, na matokeo yake kanuni inamfunga kila mtu, mwalimu naye akiwemo. Bofya "Browse", fungua kichupo cha "Users", chagua "Non-Administrators", kisha OK, "Finish", OK. Umeiambia Windows kwamba kanuni hizi ni za wasio maadministrata tu.

Upande wa kushoto panua "User Configuration", kisha "Administrative Templates", "System", halafu bofya "Removable Storage Access". Orodha hiyo. Bofya mara mbili "Removable Disks: Deny read access", chagua "Enabled", OK. Fanya vivyo hivyo kwa "Removable Disks: Deny write access". Usiishie kwenye kuzuia kuandika peke yake, kwa sababu virusi vingi vya shotikati vinatumia skripti, na skripti ikisomeka tu, Windows yenyewe ina programu ya kuiendesha.

Shuka chini kidogo, utaona kanuni mbili zinazoanza na "WPD Devices". Washa zote mbili. Hizo ni za simu. Simu ikiunganishwa kwa waya kuhamisha mafaili, Windows haiihesabu kuwa flashi, kwa hiyo ukiiacha wazi umefunga mlango na kuacha dirisha. Ipo pia kanuni moja inayofunga vyote kwa mkupuo, "All Removable Storage classes: Deny all access", lakini hiyo inafunga hadi CD na DVD. Kama unafundishia kwa DVD, iache.

Tujaribu. Toka, ingia kwa akaunti ya mwanafunzi, chomeka flashi safi. Inaonekana pale "This PC", lakini nikiibofya napata "Access is denied". Vizuri. Narudi akaunti yangu, ileile inafunguka. Kwako ikikataa kufungika, washa kompyuta upya. Ikiendelea, rudi ukaangalie aina ya akaunti ya mwanafunzi. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Wenye Home, mmc haitawasaidia. Chomeka flashi yoyote safi mara moja ili Windows iitambue, ichomoe, kisha fungua regedit, programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit). Nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Services, USBSTOR. Upande wa kulia bofya mara mbili "Start", badilisha 3 iwe 4. Kama shuleni kuna hadidiski za nje, fanya hivyo pia kwenye UASPStor iliyo humo humo ndani ya Services, ila andika pembeni namba uliyoikuta kabla ya kubadilisha. Njia hii haichagui mtu, nawe mwalimu utafungiwa mpaka urudishe namba, na simu haizuii. Ndiyo maana kama una uwezo wa kupata Pro, ipate.

Kuna mwanya mmoja zaidi. Kompyuta inaweza kuwashwa kwa mfumo ulio ndani ya flashi, na hapo kanuni za Windows hazina kazi. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, kwa Dell ni F2 na kwa HP ni F10 wakati inawaka, zima kuwaka kwa USB, weka neno la siri. Neno hilo liandikwe na litunzwe ofisini kwa mkuu wa shule, usilibebe kichwani, maana walimu tunahamishwa.

Ukifunga flashi bila kuwapa wanafunzi njia nyingine ya kubeba kazi, watakusumbua hadi uzifungue mwenyewe. Kwenye kompyuta yako tengeneza folda, iite KAZI, igawe kwa vidato, uishirikishe kwenye mtandao wa ndani, na kila mmoja asevu humo. Windows ya kawaida inapokea kompyuta 20 tu kwa wakati mmoja. Maabara ikiwa kubwa kuliko hapo, gawa folda kwenye kompyuta mbili, au tafuta seva ndogo ya Linux.

Mwenye kazi kwenye flashi aje mezani kwako. Chomeka, usifungue kitu, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Scan with Microsoft Defender". Kirusi kikishaondolewa, rudisha folda zilizofichwa kwa kuandika amri hii kwenye Command Prompt, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ukimaliza kompyuta ya kwanza, usirudie mmc kwa zote. Kanuni ulizoweka ziko ndani ya C:\Windows\System32\GroupPolicyUsers, kwenye folda iitwayo S-1-5-32-545. GroupPolicyUsers imefichwa, kwa hiyo ruhusu kwanza mafaili yaliyofichwa yaonekane. Inakili nzima kwenye flashi yako, kaibandike mahali pale pale kwenye kila kompyuta ukiwa administrata, iwashe upya, kisha ingia kama mwanafunzi ujaribu flashi kabla ya kuhamia inayofuata.