"Comply" Haiendi Bila "With"

Mabibi na mabwana, ukiandika zabuni hapa Kampala, ukijibu barua ya wilaya, au ukiomba alama ya ubora ya UNBS (shirika la viwango la Uganda) kwa unga wako, hutakikwepa kirai cha Kiingereza "comply with", yaani kutimiza masharti. Leo tukae nacho.

Kosa linalozagaa zaidi ni "comply to". Chanzo chake ni majirani: "conform to" na "adhere to" ni sahihi, basi mwandishi huiazima "to" na kuibandika pasipo pake. "Abide" nayo huchukua "by". Hapa hakuna kanuni ya kukisia, ni kukariri tu.

Wengine huandika "We comply the rules". Hapo Kiswahili ndicho kinachotuponza. Sisi husema "tunatimiza masharti", kitenzi na yambwa bila chochote katikati, kisha tunaihamisha sentensi hiyo kama ilivyo. Ukitaka kitenzi kinachokwenda hivyo, tumia "meet": "We meet the requirements". Lakini usiandike "meet with the requirements".

Katika kauli ya kutendwa "with" hubaki mwishoni: "The conditions were complied with". Ni sahihi, ingawa inachechemea. Mimi ningeandika "The conditions were met" na kuendelea na kazi. Vivyo hivyo, "We are in compliance with" haisemi lolote ambalo "We comply with" haijalisema.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo kamusi haiwezi kulirekebisha. Mfanyabiashara anaandika: "Our maize complies with the standard". Standadi ipi? Kwa kipimo gani? Mtathmini wa zabuni hana cha kushika. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya nafaka, EAS 2, hakiruhusu unyevu uzidi asilimia 13.5. Kama mahindi yako yamepimwa, andika: "Our maize complies with the moisture limit in EAS 2: it was tested at 12.8%". Na ambatisha cheti cha maabara, la sivyo namba hiyo ni maneno matupu.

Angalia pia wakati wa kitenzi. "Will comply" ni ahadi. Inafaa kwa barabara ambayo bado hujaanza kuijenga, haifai kwa magunia yaliyomo ghalani. Hayo "complies" au yamekataliwa.

Neno moja kuhusu "fulfil". Uganda tunafuata tahajia ya Uingereza: "l" moja mwishoni, mbili katika "fulfilled". Kompyuta iliyowekewa Kiingereza cha Marekani itaing'ang'ania "fulfill", kwa hiyo badilisha lugha ya hati kabla hujaanza kuandika. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na F, tafuta "compl", na kila inapotokea "comply", "complies", "complied" au "compliance", soma neno linalofuata.