Mashindano ya Shabaha ya Hisani: Wanawake Walenge Kweli

Mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba mliosimama kule mlangoni kama wapita njia, karibuni mbele. Viti vipo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kuandaa mashindano ya kulenga shabaha ya wanawake ili kuchangisha fedha za hisani. Wanaonifahamu wanajua nitasema nini, maana nimelisema kwenye kila kamati iliyonikaribisha, na nitaendelea kulisema mpaka lifanyiwe kazi. Mashindano yawe mashindano. Mwanamke afundishwe, ashike bunduki mwenyewe, alenge, ahesabiwe alama zake, na matokeo yabandikwe ukutani kila mtu ayasome. Hilo likifanyika, mchango utapatikana. Lisipofanyika, mtabaki na picha nzuri na deni la turubai.

Kuna mwanamke wa Marekani aliyeitwa Annie Oakley. Alizaliwa Ohio mwaka 1860, baba yake akafariki angali mtoto, na ufukara ulikuwa mkubwa nyumbani. Akajifunza kuwinda. Nyama nyingine waliila, nyingine akaiuza, na fedha hizo zikalipa deni la shamba la mama yake. Alipokua akawa mlenga shabaha aliyejulikana Marekani na Ulaya nzima. Mwaka 1898, vita na Hispania ilipokaribia, alimwandikia Rais McKinley kwamba yuko tayari kuleta wanawake 50 mahiri wa shabaha, na silaha na risasi watakuja nazo wenyewe. Hawakutakiwa. Mwaka 1917 nchi yake ilipoingia katika vita kuu ya kwanza, akajitolea tena kuunda kikosi cha wanawake. Hawakutakiwa tena.

Yeye hakukaa nyumbani kununa. Mwaka 1918, akikaribia miaka 60, alizunguka kambi za askari akiwaonyesha ulengaji na kuchangisha fedha za Msalaba Mwekundu. Alikuwa na mbwa wake wa kuwindia, jina lake Dave. Mtu alifunga fedha kwenye leso, mbwa akanusishwa, kisha leso ikafichwa mbali. Mbwa akienda akaipata, fedha ile ilikuwa ya Msalaba Mwekundu. Wakamwita mbwa wa Msalaba Mwekundu.

Kila nikisimulia kisa hiki, watu hucheka na kumpenda mbwa, na nikikaa tu naulizwa: na sisi je, tutafute nini cha namna hiyo? Hapo ndipo ninapopoteza subira. Yule mbwa alitulia tuli huku Annie akilipiga risasi tufaha lililowekwa kichwani pake! Alitulia kwa sababu alikuwa na mtu asiyekosa. Askari waliofunga fedha kwenye leso walikuwa watu wa bunduki, wanaotambua mlengaji wakimwona. Ondoa ulengaji wa Annie Oakley, unabaki na mama mmoja na mbwa anayenusa leso, na sidhani kambi nzima ingesimama kuwatazama.

Lakini kamati zetu zinaanza na mbwa. Ajenda ya kwanza ni rangi ya fulana. Ya pili, mshereheshaji ni nani. Ya tatu, keki na mgeni rasmi. Suala la nani atawafundisha akina mama kulenga linakuja kwenye mengineyo, watu wameshaanza kutafuta viatu vyao chini ya meza.

Na huyo mgeni rasmi tumseme kidogo. Mwaka 1860 chama cha bunduki cha Uingereza kilifanya mkutano wake wa kwanza wa mashindano pale Wimbledon, na mgeni rasmi alikuwa Malkia Victoria. Bunduki ilifungwa kwenye kitako cha chuma, mafundi wakailenga mapema, Malkia akapewa uzi wa hariri auvute. Akavuta. Risasi ikaenda yadi 400 na kupiga karibu kabisa na katikati. Shangwe! Kwa hiyo risasi ya kwanza kabisa ya mashindano yale ilifyatuliwa na mwanamke, na hakulenga. Mwaka huohuo likaanza shindano kubwa la kugombea tuzo ya kifalme. Ilichukua miaka 70 mwanamke kulishinda. Ni Marjorie Foster, mwaka 1930, kwenye viwanja vya Bisley, yeye na wanaume mstari mmoja, umbali wa mwisho yadi 1,000. Aliwashinda kwa pointi moja. Hiyo pointi moja ina uzito kwangu kuliko ule uzi wa hariri wote. Nawaomba, mgeni wenu rasmi msimvutishe uzi. Kama hajafundishwa, atoe zawadi. Kama anataka kulenga, aje mazoezini na wenzake na alipe ada kama wao.

Kuna anayesema moyoni, wanawake wataweza? Huyo sitampa muda mrefu. Barcelona, 1992, Michezo ya Olimpiki, kulenga visahani vinavyorushwa angani, wanaume na wanawake pamoja. Zhang Shan wa China, binti wa miaka 24, alipiga visahani 200 kati ya 200 kabla ya fainali, akamaliza na 223 kati ya 225, na dhahabu ikawa yake. Jukwaani wanaume wawili aliowashinda walimnyanyua juu. Michezo iliyofuata, ya Atlanta 1996, mchezo huo ukawa wa wanaume pekee, na wanawake hawakuwekewa wao. Hakuweza kutetea dhahabu yake. Wengi husema alifungiwa kwa sababu alishinda. Ukweli ni kwamba uamuzi wa kuwatenga ulishapitishwa kabla hajafyatua risasi moja Barcelona, na kwangu hilo linauma zaidi, kwa kuwa waliamua bila hata kusubiri kuona. Wanawake walipata mashindano yao ya visahani Sydney, mwaka 2000. Na katika bunduki ya upepo ya mita 10, mwanamke alikuwa akipiga risasi 40 na mwanamume 60, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2018 wote wakapiga 60. Wameshajibiwa hao.

Swali zito ni jingine. Mama mmoja aliniuliza kwa uchungu: bunduki na hisani vinakaaje pamoja? Watu wamepoteza ndugu kwa risasi, na sisi tunaalika watoto waje kushangilia? Namheshimu sana aliyeuliza, na jibu langu ni hili. Tunatumia bunduki ya upepo, umbali wa mita 10, karatasi mbele na ukuta wa kuzuia risasi nyuma yake. Shabaha ni duara. Picha ya mtu haitundikwi, hata ya jambazi, hata kwa mzaha. Pombe haiingii uwanjani. Hakuna anayefika na silaha yake kiunoni kuja kuionyesha. Na kabla ya jambo lolote, barua inakwenda polisi. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015. Msidhani kwamba kwa kuwa ni ya upepo basi ni mchezo wa watoto. Ulizeni, mpewe jibu la maandishi, ndipo mchape fulana.

Sasa fedha. Mtanzania kumfundisha kuchangisha ni kupoteza muda wake. Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa wiki chache, kuna kadi, kuna kundi la WhatsApp, kuna daftari la ahadi na mtu wa kukumbusha usiku na mchana. Kwa nini ahadi za harusi zinalipwa? Kwa sababu mtoaji anajua fedha yake itafanya nini, na siku hiyo atakuwepo kuona. Mchango wa hisani unakufa pale mtoaji anapoambiwa "kusaidia wanawake wenye shida" na kuachwa hapohapo. Shida gani? Wapi? Shilingi ngapi?

Chagueni jambo moja linalohesabika. Mimi nimekuwa nikitoa mfano wa fistula, lile tundu linalompata mama kwa uzazi wa shida akawa anavuja mkojo au choo. Hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na bado walikuwepo wanawake waliokaa nayo miaka kijijini kwa kukosa nauli. Tangu 2009 hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Fedha inamfikia mtu aliye karibu na mgonjwa, anakata tiketi, mama anapanda basi. Fikirini hilo. Upasuaji upo, daktari yupo, kitanda kipo, kinachokosekana ni tiketi ya basi. Ukimwambia mdhamini kwamba alama za binti yake zitageuka nauli ya mama mmoja kutoka kwao mkoani, hutahitaji hotuba nyingine.

Hesabu yenyewe iko hivi. Tuseme mna wanawake 40 na sehemu 10 za kulengea. Hizo ni zamu nne. Kila mmoja apige risasi 20 za kuhesabiwa na tano za kujaribia, jumla risasi 1,000. Makopo mawili ya risasi 500 yanaisha palepale, kwa hiyo nunueni matatu. Risasi 20, kila moja ikiwa na alama 10 za juu kabisa, ni alama 200. Anayeanza akipata 120 amefanya kazi. Kila mshiriki atafute watu wa kumwahidi kiasi fulani kwa kila alama. Mtu akiahidi shilingi 500, alama 120 ni shilingi 60,000. Hapo ndipo mtaona kwa nini nang'ang'ania mafunzo, maana kila alama aliyokosa kwa kutofundishwa ni shilingi iliyopotea kwa mgonjwa.

Na hapa nitakuwa mkali. Ada za ushiriki na ahadi zote ziende kwenye hisani, shilingi kwa shilingi. Uwanja, risasi, karatasi, maji, chakula, vilipwe na wadhamini kabla. Mdhamini asipopatikana, punguzeni sherehe. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mapato yalisomwa kwa sauti kubwa na matumizi kwa sauti ndogo, na kilichobaki kwa walengwa kilikuwa kidogo kuliko gharama ya muziki. Waliochangia hawakurudi tena, na sikuwalaumu. Bandikeni hesabu ukutani kando ya matokeo ya shabaha, karatasi kwa karatasi, na risiti ziwe mezani.

Siku ya mafunzo. Msianze na bunduki, anzeni na jicho. Mwambie dada anyooshe mikono yote miwili mbele, akutanishe viganja abakize kidirisha kidogo kati yake, aangalie kitu cha mbali kupitia hapo macho yote yakiwa wazi. Kisha avute mikono taratibu mpaka usoni bila kukipoteza kile kitu. Mikono itaishia kwenye jicho moja. Hilo ndilo jicho lake la kulengea. Kuna wanaotumia mkono wa kulia na jicho lao ni la kushoto, na mtu wa namna hiyo akiachiwa kulenga kwa mazoea ya mkono atakosa siku nzima, atasema mchezo huu si wa wanawake, ataondoka. Nimewaona wakihamishiwa bega la kushoto, na kwenye karatasi iliyofuata risasi zikaanza kukaa pamoja. Uso unavyobadilika pale, ndugu zangu, ndiyo sababu naifanya kazi hii.

Wanaoanza wapeni karatasi ya shabaha ya bastola, hata kama wanapiga kwa bunduki. Kumi ya bunduki, yaani pale katikati penye alama 10, ni kitone cha nusu milimita, kinakatisha tamaa. Kumi ya bastola ina milimita 11.5, mtu anaipata, anatabasamu, anarudi wiki ijayo. Sheria ya mstari ielezwe mapema: tundu likigusa mstari kati ya alama mbili, mlengaji anapewa ile ya juu. Anayehesabu asiwe mume wala rafiki wa mshiriki.

Usalama ningetaka niuzungumze saa nzima, naona mwenyekiti anaangalia saa. Bunduki isiyotumika ipitishwe uzi wa rangi kali ndani ya mtutu, utokeze pande zote mbili, ili hata aliye mbali aone haina risasi. Mdomo wa bunduki uelekee kwenye shabaha muda wote. Neno "Acha!" linaweza kusemwa na mtu yeyote, hata mtoto wa mtazamaji, na likisemwa wote wanaacha, maswali baadaye. Hakuna anayevuka mstari kufuata karatasi mpaka msimamizi aseme. Na mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, risasi zile ni za madini yenye sumu. Sambusa zikae mbali na meza ya risasi, tafadhali.

Kulikuwa na suala la zawadi, na la kuwashirikisha wenzetu wenye ulemavu, ambao wana mashindano yao ya shabaha kwenye Paralimpiki na wanatushinda wengi. Hayo yanataka siku yake, na nitakuja nikiitwa. Bima pia sijaigusa, mwulizeni wakala wenu.

Kwa leo nataka majina matatu kabla hatujatawanyika: wa kupeleka barua polisi, wa kushika daftari la ahadi, na wa kutafuta mkufunzi. Fulana hatuzijadili. Haya, nani anapeleka barua?