Paa la Mkunazini: Kanisa Kuu la Kristo, Zanzibar

Shikamooni wazee wangu. Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Wengi wanaokuja Mkunazini huvutwa na habari za soko la watumwa, na ni haki yao. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale uwanjani. Habari hizo zinajulikana. Leo naomba tuinue macho tulitazame paa, kwa sababu naamini jengo hili tumelitendea kama kibao cha kumbukumbu tu, tukasahau kwamba ni kazi kubwa ya ufundi.

Aliyekulia Mji Mkongwe anajua kwamba vyumba vyetu vya kale ni vyembamba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake hulazwa boriti za mikoko. Boriti ina kikomo chake: kutoka ukuta hadi ukuta ni kiasi cha mita tatu. Tajiri aliweza kurefusha ukumbi wake apendavyo, lakini upana hakuweza kuuongeza. Mti ndio ulioamua.

Sasa aje mtu anayetaka nyumba ya kukusanya umma chini ya paa moja. Mtu huyo ni Askofu Edward Steere, wa UMCA, yaani misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati. Misheni hiyo ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ikajaribu kwanza kule Malawi, ikapata misiba, na mwaka 1864 ikahamia Unguja. Steere alikuwa amesomea sheria. Ndiye yuleyule aliyekaa na wajuzi wa Kiswahili wa mji huu, akaandika sarufi, akatafsiri Maandiko. Kuhusu paa aliamua jambo la kijasiri kwa wakati wake: matumbawe yaliyopondwa yachanganywe na saruji, kisha zege hilo limiminwe liwe tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu wake. Hakuna boriti, hakuna nondo.

Mjini watu walisema litaanguka. Walikuwa na sababu ya kuogopa. Tao la namna hii halikandamizi chini tu, husukuma kuta upande wa nje mchana na usiku. Ukitaka lisimame, kuta ziwe nene na madirisha yawe membamba. Nendeni mkaone: ndivyo zilivyo. Ncha za madirisha zimechongoka kwa mtindo wa Kigothi wa Ulaya, na nakshi nyingine zina sura ya Kiarabu, lakini unene ule hauna uhusiano na urembo. Ni hesabu. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, na paa hilo bado liko juu ya vichwa vya waumini.

Karibu na mlango wa magharibi kuna nguzo zilizosimamishwa juu chini. Simulizi ya kanisa inasema mafundi walizisimika hivyo Steere akiwa safarini. Wageni huchekeshwa. Mimi nawaheshimu mafundi wale: walikuwa mabingwa wa jiwe la matumbawe, wakaletewa nguzo za mtindo usiokuwa wa kwao, na kazi yao haijatikisika.

Madhabahu, kwa mapokeo, ipo mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Msalaba wa mbao umechongwa kutoka mti wa Chitambo, Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka huohuo wa 1873. Steere mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Jambo moja lazima niliseme wazi, kwa kuwa heshima kwa waliouzwa hapa inadai ukweli. Vile vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni kuwa mahabusu ya watumwa viko chini ya jengo ambalo misheni ilijenga kama hospitali, baada ya soko kufungwa. Mateso ya Mkunazini yalikuwa ya kweli, hayahitaji kuongezewa chumvi. Tukumbuke pia kwamba kufungwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria ya kuukomesha Zanzibar ilikuja mwaka 1897.

Mliona Desemba 2020 jinsi sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani hapa Mji Mkongwe, ilivyoporomoka. Kanisa limewahi kufanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2016 kituo cha urithi kikafunguliwa hapa. Lakini adui wa mawe haya ni maji na chumvi, na hao hawaendi likizo. Ukuta wa matumbawe unapumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ndani, chumvi inaganda, na jiwe linaliwa kutoka moyoni huku nje likionekana jipya. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Kwa hiyo vijana wafundishwe kuchoma matumbawe, kuiloweka chokaa mpaka iive, na kuipaka kwa tabaka nyembamba kwa subira. Hili naliomba kwa kanisa, kwa serikali na kwa kila mwenye nyumba Mji Mkongwe.

Sasa tuingie ndani. Maswali mtaniuliza mkiwa chini ya tao lenyewe.